Bunduki ya Mtoro: Pengo katika Usimulizi wa Uhuru wa Watumwa

1.0 Utangulizi

Swali linaloshughulikiwa katika makala haya lilizuka Kibirichia, kwenye mteremko wa kaskazini wa Mlima Kenya, katika mjadala na wanafunzi wa shule ya upili waliokuwa wamesoma Uhuru wa Watumwa, kitabu cha James Mbotela. Baada ya kuufuata msafara wa mateka mpaka pwani, na jahazi mpaka likakamatwa na manowari ya Kiingereza, mwanafunzi mmoja alitaka kujua watumwa wenyewe walifanya nini ili wawe huru. Jibu ambalo darasa liliweza kulitoa kitabuni ni kwamba walivumilia, kisha wakaokolewa. Muulizaji hakuridhika. Msitu unaoonekana kutoka Kibirichia ni sehemu ya msitu ule ule waliomoingia wapiganaji wa Mau Mau wa upande wa Meru baada ya hali ya hatari kutangazwa mnamo Oktoba 1952, na baadhi ya wanafunzi wale walikuwa wajukuu wa watu walioyapitia mambo hayo. Kwao, uhuru unaoletwa na meli ya mtu mwingine ulikuwa jambo lenye kuhitaji maelezo.

Tunakusudia kulichukua swali hilo kama swali la kihakiki. Hoja yetu ni kwamba mtu aliyetoka utumwani akashika silaha ili kuulinda uhuru wake, mtu ambaye historia ya pwani yetu inamfahamu, hajapata nafasi ya mhusika mkuu katika kazi zinazofundishwa kama msingi wa fasihi ya utumwa na ya ukombozi nchini Kenya. Kukosekana kwake si upungufu wa orodha ya wahusika tu. Kumeathiri maana tunayolipa neno uhuru, na kumekata uhusiano ambao ungeweza kuonekana kati ya vita vya watoro wa karne ya kumi na tisa na vita vya msituni vya miaka ya hamsini.

2.0 Uhuru Unaotolewa: Msuko wa Uhuru wa Watumwa

Uhuru wa Watumwa kilichapishwa London mwaka 1934, na ni miongoni mwa kazi za mwanzo za nathari ndefu zilizoandikwa kwa Kiswahili na Mwafrika wa Kenya. Mwandishi alikuwa mwana wa mtumwa aliyekombolewa, na aliandika akiwa ndani ya jumuiya iliyotokana na Frere Town, makazi yaliyoanzishwa karibu na Mombasa na wamisionari wa Kianglikana katika miaka ya 1874 na 1875. Thamani ya kitabu hiki kama kumbukumbu ya kutekwa na ya safari ya kuja pwani haina shaka. Wahakiki wengi wamekwisha kukilaumu kwa sifa kinazowamiminia Waingereza, nasi hatuoni faida ya kuirudia lawama hiyo. Linalotuhusu zaidi ni msuko.

Tukiuchunguza msuko, tunaona nguvu tatu zinazosukuma matukio mbele: mshika watumwa, manowari na misheni. Wa kwanza anateka, ya pili inaokoa, ya tatu inapokea na kufunza. Mtumwa ndiye anayepitishwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Anateseka na anashukuru. Huruma ya msomaji yote ni yake, lakini hatua inayobadili hali yake haitoki kwake. Kisa kinaelekea Frere Town, na kikifika hapo kimefika mwisho wake wa kimaadili. Hata kama mwandishi asingewasifu Waingereza kwa neno moja, msuko wenyewe ungewasifu.

Itasemwa kwamba Mbotela alisimulia lililompata baba yake na wenziwe, na kwamba hao kwa kweli waliokolewa na manowari. Hoja hii ni ya haki. Hatumdai Mbotela habari za watu wengine. Tunachokidai ni kwamba sisi wasomaji na walimu tusikichukue kisa cha kundi moja kana kwamba ndicho kisa cha watumwa wote wa pwani. Kichwa cha kitabu hakisemi uhuru wa watumwa wa Frere Town. Kinasema uhuru wa watumwa. Ujumla huo ndio tulioupokea bila kuuhoji.

3.0 Mtoro katika Historia na katika Lugha

Nje ya ua wa misheni palikuwa na njia nyingine ya uhuru. Kuanzia miaka ya 1870, watumwa wa mashamba ya Malindi, Takaungu, Mombasa na Lamu walitoroka kwa wingi na kujiundia makazi. Fuladoyo, katika nchi ya Wagiriama, ilianzishwa na Wakristo wa Kigiriama, nayo ikawa kimbilio la watoro. Mwaka 1883 ilishambuliwa na watu wa pwani waliodai mali yao, na kiongozi wake, David Koi, akauawa. Frere Town yenyewe haikuwa mahali pa amani tupu: mwaka 1880 wenye watumwa wa Mombasa walitishia kuishambulia, na wakazi wake wakajiandaa kujihami. Kaskazini zaidi, Sultani Ahmed wa Witu, wa ukoo wa Wanabahani wa Pate aliyejulikana kwa lakabu ya Simba, aliwapokea watoro kutoka mashamba ya jirani, akawapa ardhi ya kulima, nao wakawa sehemu kubwa ya nguvu yake ya kivita dhidi ya Zanzibar. Witu ilipoingia chini ya Waingereza kwa mkataba wa mwaka 1890, na kisha ikachomwa na jeshi lao la majini mwezi wa Oktoba mwaka ule ule baada ya kuuawa kwa Wajerumani kadhaa mjini humo, mapambano yaliendelea msituni hadi miaka michache baadaye chini ya Fumo Omari. Kwa hiyo, katika ardhi ambayo leo ni Kenya, watu waliowahi kuwa watumwa walipigana na dola ya kikoloni miaka sitini kabla ya hali ya hatari.

Lugha inawakumbuka watu hawa kwa namna inayofaa kuangaliwa. Neno mtumwa limetokana na kauli ya kutendwa ya kitenzi tuma. Mtumwa ni aliyetumwa, na sarufi yake inamweka chini ya mtumaji. Neno mtoro halina alama hiyo. Mtoro ametenda: ametoroka. Lakini ni neno la mwenye mali. Linakitaja kitendo cha mtu huyo kwa kukitazama kutoka shamba alikotoka, kama hasara. Hata leo mtoro ni mwanafunzi aliyekwepa shule au askari aliyeacha kikosi, yaani mtu asiyekuwepo mahali alipotakiwa. Kiswahili sanifu hakikumpa jina linalomtazama kutoka kule alikokwenda. Mwungwana hawezi kuitwa, kwa kuwa uungwana ni wa kuzaliwa. Huru anaitwa yule aliyeandikiwa.

Kuandikiwa huko kuna tarehe. Mnamo Januari 1889, G. S. Mackenzie, kwa niaba ya Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, aliwapa hati za uhuru watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa wamekimbilia vituo vya misheni, wengi wao Rabai, ambako kasisi Mwafrika, William Jones, alikuwa amewapokea. Mabwana wao walilipwa fidia. Mtu aliyekuwa amejikomboa kwa miguu yake mwenyewe akakombolewa tena kwa karatasi na kwa fedha zilizokwenda kwa aliyemtumikisha. Tukio hili tunaliona kuwa kiini cha tatizo letu la kifasihi, kwa kuwa linaonyesha jinsi uhuru wa kutwaa unavyoweza kugeuzwa, katika kumbukumbu rasmi, kuwa uhuru wa kupewa.

Tusiwatukuze watoro kupita kiasi. Witu haikuwa nchi isiyo na watumwa, na bunduki iliyomlinda mtoro iliweza kumtishia jirani yake. Wala si kila aliyetoka utumwani akashika silaha aliipigania nchi. Askari wa Kisudani ambao Wissmann aliwaleta pwani mwaka 1889 kuvunja upinzani wa Abushiri, na wale ambao Lugard aliwachukua kutoka mabaki ya jeshi la Emin Pasha mwaka 1891 na kuwapeleka Uganda, wengi wao walitoka katika mfumo wa Misri na Sudani wa kuwafanya watumwa kuwa askari. Hawa walizijengea dola za kikoloni ngome zake, ingawa mwaka 1897 sehemu yao nchini Uganda iliasi. Uzito wa mhusika huyu wa kihistoria unatokana na utata huo. Utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy juu ya vita vya Wajerumani huko Mrima unaisimulia vita hiyo kwa jicho la waungwana wa pwani. Tippu Tip, katika tawasifu yake, anasimulia kwa jicho la bwana wa misafara. Mtoro bin Mwinyi Bakari, katika Desturi za Waswahili iliyochapishwa mwaka 1903, anaeleza taratibu za utumwa kama mjuzi wa mila. Katika maandishi yote hayo mtumwa anazungumziwa. Mtumwa mwenye silaha hazungumzi.

4.0 Mfano wa Karibi

Ili kuonyesha kwamba pengo hili halikuwa la lazima, inafaa tuitazame Karibi, ambako hali zilizofanana zilizaa fasihi tofauti. Tunachagua kazi mbili.

Ya kwanza ni The Black Jacobins ya C. L. R. James, iliyotoka London mwaka 1938, miaka minne tu baada ya kitabu cha Mbotela kutoka katika jiji hilo hilo. James anasimulia jinsi watumwa wa San Domingo walivyoinuka mnamo Agosti 1791, wakapigana na Wafaransa, Wahispania na Waingereza, na hatimaye wakaitangaza Haiti kuwa nchi huru tarehe 1 Januari 1804. Ni kitabu cha historia, lakini muundo wake ni wa tanzia: Toussaint Louverture, aliyekuwa amepata uhuru wake kabla ya mwaka 1791, anapanda, anatawala, anapoteza mawasiliano na watu waliompa nguvu, anakamatwa mwaka 1802 na kufa gerezani Ufaransa mwaka uliofuata. Tayari mwaka 1936 James alikuwa ameonyesha tamthilia juu ya Toussaint jijini London, naye Paul Robeson akiwa mhusika mkuu. Jomo Kenyatta alikuwa jijini humo wakati huo, na kuanzia mwaka 1937 alikuwa pamoja na James katika chama kimoja cha kupigania haki za Waafrika. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba wazo la mtumwa mwenye silaha kama mhusika mkuu wa historia lilikuwa halijawafikia Wakenya wa zama hizo. Lilikuwapo, lakini halikuja kukaa katika Kiswahili.

Kazi ya pili iko karibu zaidi na swali letu. Ni simulizi ya Esteban Montejo, ambayo Miguel Barnet aliianza kuinakili nchini Kuba mwaka 1963 na kuichapisha mwaka 1966. Montejo, aliyekuwa na umri wa zaidi ya miaka 100, alizaliwa utumwani, akatorokea milimani, akaishi peke yake msituni, akatoka utumwa ulipokomeshwa mwaka 1886, kisha akapigana katika vita vya uhuru vilivyoanza mwaka 1895. Hapa mtoro anasema kwa nafsi ya kwanza. Msitu kwake ni mahali pa maarifa: anazijua dawa, wanyama na njia. Vita si mwisho mtukufu wa kisa, maana anasimulia pia jinsi askari weusi walivyosukumwa kando baada ya ushindi. Hakimu wa maisha yake ni yeye mwenyewe, si bwana aliyempoteza wala mmisionari aliyempokea. Mtunzi aliyemsikiliza alikwenda kumtafuta mzee. Pwani yetu nayo ilikuwa na wazee waliozaliwa na watoro, na utumwa nchini Kenya ulikomeshwa kisheria mwaka 1907 tu.

Ulinganisho huu una jambo jingine la kutufunza. Mwaka 1825 Ufaransa iliilazimisha Haiti kulipa faranga milioni 150, baadaye zikapunguzwa kuwa milioni 90, kama fidia kwa mabwana waliopoteza mali, watumwa wakiwamo. Fedha za Rabai za mwaka 1889 zilikuwa kidogo mno zikilinganishwa na hizo, na hazikutoka kwa watoro. Hata hivyo mantiki ni moja: uhuru uliotwaliwa hautambuliwi mpaka bwana aridhishwe. Tofauti ni kwamba Haiti ilipata waandishi waliolipinga deni hilo katika usimulizi, ilhali Rabai ilibaki na hati.

5.0 Mbwaa na Kimathi

Turudi Kibirichia. Wanafunzi wa Kimeru hawakuwa wageni wa simulizi za utumwa. Masimulizi ya asili ya Wameru, yaliyorekodiwa na Bernardi katika miaka ya hamsini na baadaye kwa kina na Fadiman, yanaeleza kwamba wahenga waliishi Mbwaa, mahali penye maji mengi, wakatiwa utumwani na watu walioitwa Nguo Ntune, yaani Nguo Nyekundu. Mabwana hao waliwapa majaribu yasiyowezekana, kama vile kutengeneza viatu vyenye manyoya pande zote mbili na mkuki wa kufika mbinguni. Kiongozi wao, Koomenjwe, aliwatoa kwa hekima na kwa fimbo iliyoyapasua maji. Waliovuka usiku, alfajiri na mchana wakawa makundi ya Njiru, Ndune na Njeru.

Wataalamu wameuona ukaribu wa masimulizi haya na Kitabu cha Kutoka, na mjadala juu ya athari hiyo haujafungwa. Kwa mhakiki wa fasihi, lililo muhimu ni nafasi ya mtenda. Katika Mbwaa hapana manowari. Waliokuwa watumwa ndio wanaotambua hila, wanaopanga safari na wanaovuka. Jambo la kupendeza ni nafasi ya silaha: mkuki unadaiwa na bwana, nao ndio usioweza kutengenezwa kwa ajili yake. Simulizi inamfanya mtoro kuwa mwanzilishi wa jamii, lakini inaishia kwenye kuvuka. Haijibu swali la nini hutokea bwana anapowafuata ng'ambo ya maji.

Kazi iliyojaribu kulijibu swali hilo ni Mzalendo Kimathi, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo iliyochapishwa kwa Kiingereza mwaka 1976 na kutoka kwa Kiswahili baadaye. Waandishi wanaanza kwa maonyesho ya historia ya mtu mweusi: chifu tajiri akiuziana watu na mfanyabiashara mzungu, kisha watumwa waliofungwa minyororo wakipiga makasia, kisha watu wakichapwa shambani, na mwishowe maandamano ya waasi. Kwa hatua hizo nne mwasi wa msituni anafanywa mrithi wa mtumwa. Huu ni uamuzi mkubwa wa kisanaa, nao unastahili sifa, kwa kuwa unakataa msuko wa Mbotela kutoka mizizi yake.

Hata hivyo, tazama ni utumwa gani unaoonyeshwa. Muuzaji na mnunuzi wa jukwaani ni wa biashara ya Atlantiki. Jahazi la pwani yetu halimo, mashamba ya Malindi hayamo, Witu haimo. Tunaelewa sababu za kiitikadi: mwaka 1976 waandishi walitaka kumlenga beberu wa Magharibi, na utumwa wa pwani ungewaletea maswali magumu juu ya Waafrika na Waarabu, juu ya waungwana na wasio waungwana, ambayo wapinzani wao wangeyatumia vibaya. Lakini matokeo yake ni kwamba Kimathi anapewa mababu wa mbali, ilhali wale wa karibu wanaachwa nje ya mlango wa mahakama. Uhuru wa Watumwa kilikuwa na utumwa wetu bila uasi. Mzalendo Kimathi ina uasi wetu na utumwa wa wengine. Kati ya vitabu hivi viwili ndimo alimopotea mtoro mwenye bunduki.

6.0 Hitimisho

Je, kuna ubaya gani akipotea? Tunaamini upo, nao unahusu neno uhuru lenyewe. Mwaka 1934 neno hilo, katika kichwa cha Mbotela, lilikuwa na maana ya kutolewa utumwani. Mwaka 1963 likawa jina la taifa kujitawala. Maana ya pili iliirithi ya kwanza pamoja na desturi zake, mojawapo ikiwa ile ya kwamba uhuru huthibitishwa na hati inayotolewa na aliyekuwa bwana. Kule Meru jambo hili halikuwa la nadharia. Musa Mwariama alitoka msituni baada ya uhuru wa Desemba 1963 akiwa na watu wake. Baimungi hakukubali kwamba makubaliano yaliyofikiwa yalikuwa yamemaliza shauri la ardhi. Aliuawa na majeshi ya serikali ya nchi huru mwanzoni mwa mwaka 1965. Marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau haikuondolewa mpaka mwaka 2003. Kwa miaka arobaini waliotwaa uhuru waliishi katika nchi huru wakiwa, kisheria, watoro.

Hatupendekezi kwamba Mbotela aondolewe darasani. Tunapendekeza asomwe pamoja na Mbwaa, na pamoja na habari za Fuladoyo na Witu, ili mwanafunzi aone kwamba msuko wa uokovu ni uteuzi mmoja miongoni mwa mingine iliyowezekana. Tunapendekeza pia kwamba idara zetu zikusanye masimulizi ya familia za Rabai, za Witu na za vijiji vya watoro vilivyokuwa kando ya Mto Sabaki, kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyewe, kabla vizazi vinavyoyakumbuka havijakwisha. Riwaya ya mtoro haiwezi kuandikwa kwa agizo la mhakiki, lakini mwandishi atakayeijaribu atahitaji mali ghafi, nayo ni wajibu wetu.

Mwanafunzi wa Kibirichia aliuliza watumwa walifanya nini. Jibu la kihistoria lipo: baadhi yao walitoroka, wakalima, wakajenga, wakapigana, na wengine wao wakawatesa watu wengine. Jibu la kifasihi bado halijaandikwa kwa Kiswahili, na mpaka litakapoandikwa mwalimu wa kitabu hiki hana budi kumwambia mwanafunzi wake hivyo waziwazi.